Sentensi Nne za Kisima cha Neema

Ndugu Simeo Mhina anastaafu tarehe 30 Juni 1981, baada ya kuliandikia gazeti letu la Sauti ya Bonde, hapa Korogwe, kwa miaka kumi na tisa. Ukijumlisha vizuri, mwaka mzima kati ya hiyo aliumaliza akisukuma baiskeli yenye pancha.

Ni mzaliwa wa Kwashemshi, mlimani, kwenye migomba na mvua. Mwaka 1962 ilipoulizwa ofisini nani ataandika habari za wafugaji wa Kimaasai wa nyika ya Handeni, wenzake wote walikumbuka kwamba wana wagonjwa nyumbani. Simeo hakuwa na mgonjwa.

Huko kwenye maboma ya wafugaji alikuta utaratibu ambao chuo cha uandishi, kama angekisoma, kisingemfundisha. Mgeni haanzi kuuliza. Kwanza anatoa habari za alikotoka: majani, maji, mifugo, watoto. Ndipo naye apewe. Kwa hiyo kila mwezi Mzee Salaash, mwenyeji wake, aliyemwita Mshambaa wa Baiskeli, alimketisha na kumtaka asome gazeti limesema nini juu yao. Safari moja ndama alitafuna kurasa mbili za daftari lake. Katika wote waliowahi kukata habari za Simeo, ni huyo ndama tu aliyekuwa na njaa.

Sisi wengine tulikata kwa sababu ya nafasi. Habari za wafugaji zilikuwa hazienei ukurasani. Mimi ndiye mchapa stensili, ninayepiga taipu kila ukurasa kabla ya kurudufiwa, kwa hiyo najua ukubwa wa hiyo nafasi: palipobaki wazi nilichora ua.

Mwaka 1974 wafugaji wake walihamishiwa kijiji kipya cha Neema, wakazinduliwa kisima chenye pampu. Pampu iliharibika siku ya tatu. Simeo aliandika sentensi nne. Tukachapa moja, ambayo hata haikuwa yake: “Wafugaji wa Neema wamefurahia kisima.” Chini yake, ua.

Mwezi uliofuata aliketishwa kama kawaida, atoe habari. Aliona aibu kulifungua gazeti. Akafungua daftari, akasoma zile sentensi nne kana kwamba zimechapwa. Alidhani atatubana tuzichape mwezi huo, na uongo ugeuke kweli. Mzee Salaash alifurahi. Kama Korogwe wameshasoma, alisema, fundi yuko njiani. Hakuna haja ya kuswaga mifugo hadi mto Pangani.

Sisi hatukuzichapa, nao wakangoja wiki sita. Walipoamua kuondoka, ng’ombe wengi hawakuweza tena kusimama. Mjukuu wa Mzee Salaash, aliyekuwa akiishi kwa maziwa, hakufika mtoni. Sinyati, mama wa mtoto huyo, alimuuliza Simeo swali moja tu: “Hao watu wenu wa Korogwe, wanasoma polepole?”

Simeo alipanda baiskeli akarudi Korogwe. Alimwambia ukweli safari iliyofuata, mbele ya Mzee Salaash. Hawakumfukuza. Walimpa chai ya rangi, maana maziwa hayakuwepo, wakamwambia tangu siku hiyo asome gazeti lenyewe. Kwa miaka saba akawasomea mashindano ya pamba, ziara, mikutano na salamu za pongezi. Mzee Salaash alifariki mwaka jana bila kuwasikia Wamaasai wa Neema wakitajwa tena.

Mafanikio ya Ndugu Simeo, kama desturi inavyotaka yatajwe: makala mia mbili na kitu, zilizochapwa kumi na moja. Pampu haijatengenezwa. Neema zimebaki kaya tano.

Kwa kuwa anastaafu, amepewa ukurasa mzima. Nafasi ipo, basi nachapa alichoandika Agosti 1974:

“Kisima cha Neema hakitoi maji. Pampu iliharibika siku ya tatu baada ya sherehe. Kaya thelathini na moja zinamngoja fundi. Ng’ombe bado wana nguvu ya kufika mtoni, lakini si kwa siku nyingi.”

Zimeenea. Ua sikuchora.

Ndugu Simeo, wafanyakazi wenzako tunakushukuru, na tunakuombea uzee wenye afya na usingizi, hasa usingizi. Tumesikia tarehe mosi Julai unapanda baiskeli kwenda kumwona Mama Sinyati. Ukiketishwa utoe habari, liache daftari mfukoni. Msomee ukurasa huu.

Gregori, mchapa stensili