Mchezo Ambao Hakuna Anayefika Juu

Ndani ya basi la Montreal, Bi Rolande, mjane, alikuwa akisali rozari kimyakimya aliposikia binti wa kiti cha mbele akimwambia kijana aliyekaa naye kwamba ule mchezo wa kompyuta wa kupanda mnara ameutunga yeye.

"Acha utani, dada! Nimeucheza! Nalipia huduma ya michezo kwa mwezi, napata michezo mia nne, na huo umo."

"Ukafika wapi?"

"Ngazi ya pili, nikahamia mwingine. Lakini wachezaji si unao tele?"

"Elfu arobaini wameufungua, kaka. Wa kuununua hakuna. Ule wangu wa kwanza walinunua mia tatu tu, nao wakaucheza hadi mwisho, wengine wakaniandikia. Huu, kule juu ya mnara nimeweka sauti ya marehemu mama. Hajaisikia mtu."

Bi Rolande alilikumbuka kanisa lao: Krismasi hufurika, Jumapili ifuatayo hubaki yeye na padri.

"Basi nitaumaliza wikendi."

"Ijumaa wanautoa kwenye orodha ya hiyo huduma yako. Itabidi ununue."

Basi likasimama. "Tutaona, dada," kijana akacheka, akashuka.

Bi Rolande akaitazama punje ya rozari iliyokuwa kidoleni. Hakukumbuka alikuwa amefika wapi, akaanza upya.