Evelyne Michael Tluway na Begi la Mama Yake

Marehemu Evelyne Michael Tluway, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Mei 2018 hapa wilayani Hanang, akiwa mtoto wa kwanza wa Michael Tluway na Hilda Bura wa Gendabi, na historia yake inasomwa na baba yake mkubwa, Renatus, dereva wa lori aliyefika Lubumbashi na Durban akarudi bila mali wala Kiingereza, ila sauti kubwa anayo, ndiyo maana akachaguliwa.

Akiwa na miezi sita alianza degedege, akaandikiwa dawa ya kifafa, lakini kifafa kikazidi, hata maneno machache aliyokuwa ameyapata yakapotea, na ukoo ukaanza kuuliza ugonjwa umetoka upande gani, swali ambalo sote tunajua lilikuwa linamtazama nani.

Januari 2023 aliandikishwa darasa la awali, akaanguka darasani, akarudishwa nyumbani.

Agosti mwaka huo daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa alieleza kwamba kuna kipimo cha vinasaba, kinachotaka damu ya mtoto, ya baba na ya mama, ili ijulikane dawa ipi inamfaa Evelyne mwenyewe, siyo wagonjwa wote kwa jumla. Bibi yake, Mama Marieta, alikataa, akisema, "Damu ya mwanangu ikatafutwe nini huko? Mwenye ugonjwa si anajulikana!" Hilda akajibu, "Mama, acha wachukue, wakikuta ni kwangu nitaondoka mwenyewe," akafungasha nguo, akaliweka begi nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo kila simu ilipoita, Michael alilitazama begi kwanza, ndipo akapokea. Renatus, aliyewasindikiza kama mwanaume, aliona sindano akaanguka, akapewa kitanda kabla ya mgonjwa.

Januari 2024 majibu yalirudi, kwamba kasoro haikutoka kwa baba wala kwa mama, ilizuka upya kwa Evelyne tangu mimba yake ilipotungwa, tena dawa aliyokuwa akimeza ndiyo iliyokuwa ikikichochea kifafa. Mama Marieta alilifungua begi, akazitundika nguo za mkwewe, akatia humo mbegu za mahindi.

Daktari alibadilisha dawa, kifafa kikapungua ingawa hakikuisha, Evelyne akaanza tena kuita "mama", akapata na kazi, kufukuza mbuzi shambani, aliyoifanya kwa bidii hata kwa mbuzi wa jirani. Ndoa hakuifikia, lakini ya wazazi wake ilisimama kwa damu yake.

Tarehe 6 Juni 2025 aliugua nimonia, homa ikakiamsha kifafa, akafariki tarehe 9 Juni.

Jana hapa uani imesikika minong'ono kwamba ameuawa kwa kubadilishiwa dawa, na kwamba Hilda, ambaye ni mjamzito, arudi kwao. Familia inatamka wazi kwamba dawa ile ya kwanza ilisitishwa na daktari, na hii mpya ikampa mtoto mwaka mzima na zaidi wa kucheka, na anayetaka kujua begi liko wapi amwulize Mama Marieta, amelikalia, pale pembeni ya Hilda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mwalimu wake, madereva wenzake Renatus, na majirani waliochimba kaburi.

Pumzika kwa amani, Evelyne, mama yako yuko nyumbani kwake.