Amel Si Amali

Binti aliyesimama mbele yangu katika basi la kwenda Lusail, hapa Qatar, hakuwa na kiti, cheo wala woga. Alikuwa akimlalamikia mlinzi mmoja Mganda ambaye hakumjua. Alisema yeye huongoza wageni katika maonyesho ya vito. Bosi wake anataka awaambie kwamba “amel”, neno la Kiingereza cha kale la ile rangi ya kioo inayochomwa juu ya dhahabu, lilitoka kwa Waarabu. Akikataa, atarudishwa kukata tiketi mlangoni.

“Sema tu, nyabo,” mlinzi alimshauri, akimwita bibi kwa Kiganda. “Hata Kiswahili kina amali, kazi ya ufundi, kutoka Kiarabu. Si neno ni lile lile?”

“Mimi naitwa Bella. Kengele kwa Kiingereza ni bell. Kwa hiyo ni shangazi yangu?”

Nilijifanya natazama dirishani. Shule yangu ya usiku haikufundisha majibu ya namna hiyo.

“Hilo amel Waingereza walilipata kwa Wafaransa,” aliendelea, “nao kwa Wajerumani wa kale, kutoka neno la kuyeyusha.”

“Wageni watajuaje?”

“Mimi najua.”

“Lakini yanafanana, nyabo.”

Bella alikuwa ameshaandika kwenye simu: “Bosi, sitasema.” Akabonyeza kutuma, basi likasimama.