Mzee Zablon Wangwe, Rais wa Ufuo wa Nyamanga

Ndugu, majirani, na nyote mlioingia katika boma hili, mwenye uchungu na mwenye kinyongo, familia inawaomba mtulie msikilize habari za marehemu, kwa maana hatutaficha kitu.

Mzee Zablon Wangwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Muhuru Bay, kwa baba mvuvi na mama mkulima wa mihogo, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba, mwaka 1966, akaingia ziwani, kisha akawa mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, akiwauza hadi Rongo. Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Mama Metrine, wakajaliwa watoto wanne, kifungua mimba akiwa Nyangi.

Mwaka 1989 wavuvi walimchagua kuwa mwenyekiti wa ufuo wa Nyamanga, akajenga banda la samaki, akapiga marufuku nyavu za macho madogo, lakini hakuvumilia kupingwa, akawafukuza waliombishia, akiwemo Bwana Oyaro, ambaye mashua yake ilikatazwa kutia nanga hapa, na watu wakaanza kumwita Rais, wengine kwa sifa, wengine kwa kejeli. Aliondolewa mwaka 1997, akachaguliwa tena mwaka 2003, na mwaka 2011 akampa mwekezaji nusu ya ufuo bila kumuuliza mtu, ndipo umati ulipomjia na mapanga, akakimbilia Mfangano kwa boti, Mama akabaki hapa na mlango uliovunjwa.

Kule kisiwani hakupata usingizi mzuri, maana kila injini ya boti iliponguruma alisimama dirishani kutazama ni nani anakuja. Novemba 2024 figo zilimlemea, akalazwa Homa Bay, na kila Mama alipoingia wodini hakuuliza habari za dawa, aliuliza tu, "Mama Nyangi, watakubali nizikwe nyumbani?"

Mama akaenda kumwuliza Bwana Oyaro, ambaye ndiye mwenyekiti sasa, na Oyaro akasema, "Mimi sijamsamehe, Mama. Lakini siwezi kumfukuza mtu akiwa amekufa. Mleteni."

Mzee aliambiwa, akataka aambiwe tena, hata hivyo hakuamini, na tarehe 3 Februari 2025, alfajiri, alituaga akiwa ameshika mkono wa Mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mfangano waliomhifadhi, wavuvi wenzake, na wote waliochimba kaburi bila kulazimishwa. Nanyi vijana mliosimama langoni, tunawaona, na hatujui mmekuja na nini moyoni, ila Bwana Oyaro ameomba kubeba jeneza upande wa mbele, nasi tumekubali, kwa hiyo tunawasihi mpishe njia. Mzee Zablon, umefika kwenu, lala kwa amani.