Majivu ya Nyuklia

Basi lilipotoka Litein, Chepkurui bado alikuwa na hasira. Jana stima ilikatika kiwandani, na majani yake ya chai yakaharibika guniani.

"Dawa ni nyuklia, mama," akasema mwalimu Mochama kando yake, mtu wa kujibu hata asichoulizwa. "Ufaransa stima mingi inatoka huko. Haina moshi, haingoji mvua."

"Na majivu?" Chepkurui alijua habari ya majivu. Kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, alichopakata alikisugua kwa makaa ya mti wa senetwet, si ya mti wowote tu.

"Inazikwa. Miaka elfu na elfu, mtu hagusi."

"Kwa shamba ya nani, mwalimu?"

Mochama akakohoa. Basi likasimama Kapkatet, akainuka upesi. "Watatafuta tu mahali hakuna watu."

Chepkurui akachungulia dirishani, kushoto nyumba, kulia nyumba, akipatafuta mahali hapo.