Ijumaa Kabla Jua Halijazama Louisville

Mungu wa Israeli na apewe sifa, ndugu zangu! Nawasalimu kutoka Louisville, upande wa South End, ninyi wa nyumbani Nyandarua, na ninyi marafiki zangu Wakristo mlioniuliza kwa nini siku hizi natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Jibu langu ni refu kidogo. Nivumilieni.

Mwezi wa nane nilikosa usingizi wiki nzima kwa swali moja: niseme sasa, au ninyamaze mpaka baridi ije?

Nilikuwa nimepata kazi. Kazi ya ofisini katika ghala kubwa hapa, kupanga safari za malori. Barua ilisema Ijumaa tunatoka saa kumi na moja na nusu jioni. Kiangazi hilo si tatizo, maana jua la huku huzama karibu saa tatu usiku. Lakini sisi Wayahudi, Shabati yetu inaingia Ijumaa jua linapozama. Mishumaa huwashwa kabla, na baada ya hapo hakuna moto, hakuna kazi. Mwezi wa kumi na mbili jua lingezama nikiwa bado kwenye kiti cha ofisi. Nikisema mapema, ningeweza kuikosa kazi. Na viza yangu ya baada ya masomo ilinipa siku chache za kutafuta kazi, nyingi zikiwa zimekwisha. Kuikosa kazi ilikuwa ni kupanda ndege kurudi nyumbani.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kuwaza. Nikinunua kiberiti nasoma maandishi ya nyuma. Lakini hofu ile ilikuwa na mizizi Buffalo, mji nilikosoma, na lazima niwapeleke huko kwanza.

Wa nyumbani mnajua tulivyolelewa. Familia chache, sinagogi la mabati, na mama yangu akiwasha mishumaa kila Ijumaa saa kumi na mbili na robo. Masika, kiangazi, ni saa hiyo hiyo. Kwetu karibu na ikweta, saa na jua havijawahi kugombana. Nilipofika Buffalo kwa masomo ya uzamili, nilibeba vinara viwili vya shaba alivyonipa mama, na nilibeba saa yake kichwani. Kila Ijumaa, saa kumi na mbili na robo, niliwasha. Nilijivuna! Wenzangu walikuwa kwenye sherehe, mimi nilikuwa na Shabati yangu.

Mwezi wa kumi na moja ukaja. Giza niliona, sikuwa kipofu! Lakini Buffalo hata mchana wake ni kijivu, na mimi nilikuwa naangalia simu, siangalii dirisha. Mwezi wa kumi na mbili nikapata ujasiri wa kutafuta sinagogi kule Amherst, kitongoji cha jirani. Mlangoni palibandikwa karatasi ya saa za kuwasha mishumaa. Ijumaa iliyotangulia: saa kumi na dakika ishirini na tatu.

Nilisimama kwenye theluji nikihesabu kwa vidole. Ijumaa saba. Ijumaa saba nilikuwa nimewasha moto ndani ya Shabati, kwa mikono hii, huku nikilitaja jina la yule aliyekataza.

Sikuingia. Nilirudi chumbani, nikavifunga vinara ndani ya sweta, nikavizika chini kabisa ya sanduku. Mama alipouliza kwenye simu, nilimjibu, "Nawasha, Mama." Nilimdanganya mwaka mmoja na nusu! Mahali pa imani nikaweka malengo. Daftari zima: alama, kazi, mshahara, miaka mitano, miaka kumi. Malengo yote ya shule niliyafikia. Siku ya mahafali mama alinibariki kwa simu, kwa maneno yale ya Kiebrania anayonibariki nayo tangu utotoni, nami nikashindwa kusema amina. Hapo ndipo nilipojua nimepotea mbali.

Nikahamia mji wa Columbus kwa binamu yangu, nikaanza kurudi. Nilirudi vipi? Kwa daftari, bila shaka! Malengo ishirini na mawili ya kuwa Myahudi tena. Sala mara tatu kwa siku. Kiebrania saa moja kila asubuhi. Nyama na maziwa visikutane. Nilianza Jumapili. Jumanne nilikuwa nimeanguka, nikaandika orodha mpya yenye malengo ishirini na matano.

Mlango wa pili aliishi Mama Furaha, Mkongo kutoka Bukavu, mlokole wa kweli, anayetunza wazee hospitalini. Barua ya kazi hii ya Louisville ilipokuja, alinikuta kibarazani na daftari langu. Akalichukua bila kuomba, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"We Dina! Hii ni malengo ao ni Kumbukumbu la Torati?"

Nikamweleza habari ya Ijumaa na ya bosi. Akaniangalia.

"Bon. Bosi amekukatalia?"

"Bado sijamuuliza."

"Donc ni weye unajikatalia mbele yeye akatae. Mutoto, unakula kucha kama vile ni samaki ya sambaza. Na mama yako anasema nini?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Mama hajui?" Akanirudishia daftari. "Anzia pale."

Ndugu zangu, simu ile ilikuwa nzito kuliko mtihani wowote. Nilimwambia mama yote. Vinara, sweta, uongo. Nikamwambia kuhusu Ijumaa saba na saa kumi na dakika ishirini na tatu.

"Saa kumi?" mama akasema. "Jua linazama saa kumi? Hilo ni jua ama ni balbu?"

"Mama, nilivunja Shabati."

Nikamsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Dina, ulikuwa unaniiga mimi. Mungu hajui? Mimi mwenyewe ningewasha saa hiyo hiyo, na ningekushinda kwa ukaidi. Wacha saa yangu sasa. Angalia jua la huko." Halafu, kwa sauti ile ya kunituma dukani: "Na uongo wako tutauongea ukija."

Nililia, nikacheka. Sikuona maono, sikusikia sauti. Nilisikia mama yangu akinifokea kidogo, na nikajua bado nina kwetu.

Siku ile nilichana orodha. Sikuacha malengo, mimi siwezi kuishi bila malengo. Nilibakisha moja: kila Ijumaa, jua likiwa bado juu, mikono yangu iwe imemaliza kazi. Kiebrania kitafuata. Nyama na maziwa vitafuata, na leo naweza kuwaambia vinafuata.

Kesho yake nilimpigia meneja kabla ya kutia sahihi. Nilikuwa nimeandika hotuba ya ukurasa mzima. Nilisoma mstari mmoja, nikaweka karatasi chini, nikasema tu: "Mimi ni Myahudi. Majira ya baridi, Ijumaa nahitaji kutoka saa tisa. Saa hizo nitazilipa siku nyingine."

Akasema atawauliza wakubwa wake. Hakusema ndiyo.

Na usiku huo nililala, ndugu zangu! Jibu sikuwa nalo, kazi sikuwa nayo, na nililala kama mtoto. Huo ndio ukombozi wangu. Kama wangekataa, ningekuwa Nyandarua leo nikiwashuhudia maneno haya haya, na kichwa changu kikiwa juu.

Namshukuru Mungu wa babu zetu, aliyeniacha nipotee na asinipoteze. Namshukuru mama. Namshukuru Mama Furaha, aliyeniombea kwa imani yake nirudi kwenye imani yangu. Na wewe unayesoma, uliyeficha kitu chini ya sanduku kwa sababu ulikikosea: kitoe. Usingoje ujue yote. Chukua moja, mwamini Mungu kwa hilo moja, na useme kwa sauti mbele ya mtu unayemwogopa.

Siku ya tatu barua mpya ilifika. Ijumaa za baridi nitaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa tisa alasiri, na Jumapili moja kila mwezi nitafanya kazi asubuhi. Nilisoma mstari huo wa Ijumaa mara nne, kwa mazoea yangu. Kisha nikatia sahihi.