Kwa Nini Clementina Tweve Anazikwa Schaerbeek

Ndugu, jamaa na majirani, tangu juzi wengi mmeuliza, wengine kwa simu kutoka nyumbani, wengine kwa macho tu: kwa nini Clementina harudishwi Makete? Familia haijakasirika. Swali ni la haki, na kaka yake Haruni, anayewasomea wasifu huu, alipanda ndege akiwa ametumwa na ukoo kuja kumchukua. Jibu limo humu, ila mtuvumilie tuanzie mwanzo.

Clementina alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 katika kijiji cha Ipelele, Makete, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Elia Tweve na Bibi Veronica. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Njombe. Mwaka 1992 alijiunga na chuo cha kilimo Uyole, Mbeya, akatoka na cheti 1994 na kupangiwa kazi ya bibi shamba kwao. Alikuwa mkali wa viazi. Wazee waliopanda mbegu isiyochipua aliwafukuza kwenye mashamba yao wenyewe, nao walimvumilia, maana mavuno yalimtetea.

Tarehe 8 Septemba 2001 alifunga ndoa na Bernard Mahenge katika usharika wa Kilutheri wa Ipelele. Bernard alitangulia Brussels kwa masomo, baadaye akapata kazi ya mizigo uwanja wa ndege, na Clementina akamfuata Septemba 2003. Walipanga chini kwa Bibi Lieve, hapa Schaerbeek. Bibi Lieve, ambaye yupo nasi, alikuwa nesi wa misheni Katanga, na Kiswahili cha kule anacho hadi leo. Baridi haikumtisha Clementina. Makete nako umande huganda. Kilichomchosha ni kusafisha ofisi alfajiri kule Etterbeek, kazi aliyoifanya miaka saba bila kuipenda hata siku moja. Mwaka 2010 alihamia jiko la shule, akapika na kugombeza watoto wa kila taifa, akafurahi.

Januari 2005 alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto hakufikisha mwezi. Kwetu mtoto mchanga hawekewi matanga, na Clementina hakuona ampigie nani simu alie naye. Walizika watu watatu: yeye, Bernard na Bibi Lieve, aliyewapa nafasi katika kaburi la wazazi wake, hapa hapa tuliposimama.

Oktoba ya mwaka ule Bibi Lieve alimletea mfuko wa vitunguu vya maua, tulipu na narsisi, avipande kwa mtoto. Bibi shamba wetu alivipanga kwenye kreti kando ya hita ya jikoni, akasubiri vitoe macho kama viazi mbegu. Akavigeuza, akavifunika gazeti, akasubiri tena. Mwishoni mwa Desemba Bibi Lieve alishuka kuomba chumvi, akavikuta.

“Maman Clémentine, hii bintu iko hapa juu ya nini?”

“Navisubiri vichipue, Bibi. Mbegu haiendi shambani bila macho.”

“Mais non! Hii haiko viazi! Hii inapenda baridi. Ilifaa ilale mu udongo tangu octobre. Bila baridi haitoe maua, haiwezi.”

“Baridi gani tena, Bibi? Si itaoza?”

“Haioze. Inangojea. Bon, vaa manteau, twende.”

Walipanda siku ile ile, udongo ukiwa mgumu kama tofali. Aprili yalitoka majani mengi na narsisi moja fupi. Clementina alilia kwa uchungu. Alisema ameshindwa kumlea mtoto, na sasa ameshindwa hata kumpandia ua. Kuanzia hapo hakukosea tena. Kila Oktoba alipanda kaburini, kisha uani kwa Bibi Lieve, kisha kwa majirani waliokubali na wasiokubali. Jambo moja tu lilikaribia kuwagombanisha wapangaji na mwenye nyumba: maua yakishanyauka, majani lazima yaachwe yakauke yenyewe ndipo kitunguu kishibe. Mtoto wa Ipelele, aliyelelewa na ufagio, aliona ni uchafu mtupu. Alivumilia, lakini alinung'unika hadi Juni.

Mungu aliwajalia pia Lameki, 2006, na Asheri, 2009, majina yote ya upande wa Bernard. Mama yetu hakulipenda hilo. Clementina alipokwenda likizo 2011 alimwambia waziwazi, “Kila mtoto unampa jina la ukweni. Mimi nimekukosea nini?” Clementina alijibu, “Unisamehe, mama,” akaenda kuteka maji.

Machi 2016 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu, akarudi kazini, ikarudi nayo. Oktoba hii hakuweza kuinama. Alikalishwa kwenye kiti hapa makaburini, makoti mawili mwilini, akawasimamia mumewe na wanawe: “Mnafukia karanga? Chimbeni!” Walipomaliza akamwambia Bernard, “Na mimi mnilete hapa.” Bernard akamuuliza, “Nitawaambia nini shemeji zangu?” Akasema, “Waoneshe tu.” Alifariki Alhamisi tarehe 15 Novemba 2018, saa kumi jioni, nyumbani, akiwa na watu wake.

Haruni alitua Jumatatu na agizo la ukoo mfukoni. Bernard hakubishana naye. Jumanne alimleta hapa. Hapakuwa na ua hata moja, udongo mtupu na msalaba mdogo wa mbao. Kaka akasoma: Veronica Mahenge, 2005. Lilikuwa jina la mama yake mzazi. Alimpigia simu pale pale. Mama aliomba asomewe jina lile mara ya pili, kisha akasema, “Kumbe alinipa, nami nikawa namsimanga.” Alilia sana. Alipotulia akasema, “Msimtoe. Kitoto kimelala peke yake miaka yote hiyo. Mwacheni mama yake akalale nacho.” Baba mkubwa, aliyetoa agizo la ukoo, alipoarifiwa alisema mama ameshasema, na hakuna wa kuongeza neno. Basi, hilo ndilo jibu.

Wachimbaji wamevitoa vitunguu kwa uangalifu. Vimo kwenye kreti lile karibu na lango. Baada ya kufukia, kila mmoja achukue kimoja apande. Shimo liwe na kina mara tatu ya kitunguu, ncha itazame juu. Ukikosea, Bibi Lieve atakuambia.

Clementina ameacha mama mzazi, Bibi Veronica Tweve wa Ipelele, mume, Bernard, kaka, Haruni, rafiki wa moyo, Bibi Lieve, na watoto wawili, Lameki na Asheri. Mtoto wake wa kwanza, Veronica, hakumwacha. Leo anamfuata.

Wapumzike kwa amani, mama na mwanawe.